Boti kuukuu ya faiba: inavuja wapi, imeoza wapi, na lini umwite fundi

Anayekuuzia boti kuukuu ya faiba ana sentensi yake moja: "Faiba haiozi, mzee." Hadanganyi. Nyuzi za kioo zilizoshikwa vizuri na rezini hukaa juani na majini miaka 40 na zikabaki nyuzi za kioo. Kinachooza ni kile ambacho kiwanda kilikificha ndani yake: plaiwudi ya tezi (upande wa nyuma wa boti) na mihimili ya sakafu. Kinacholowa ni povu la kuelea. Na kinachobanduka ni kiraka cha fundi aliyepita. Karibu kila lalamiko hapa chini linarudi kwenye mambo mawili: maji yaliyopenya kwenye tundu dogo la skrubu, au kiraka kilichobandikwa juu ya rangi badala ya juu ya faiba yenyewe.

Nimeyapanga kwa dalili, jinsi wenye boti wanavyozitaja. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachokutwa mara nyingi na ukaguzi usio na gharama, ndipo nikaenda kwenye kukata na kusaga.

Kabla ya kununua rezini

Ipandishe boti pwani juu ya bamvua (maji makubwa ya kujaa), iweke kwenye magogo, ioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, iache ipumue. Chagua msimu. Katika mwambao wetu miezi ya kazi hii ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, au Juni hadi Septemba masika yakishakwisha. Boti uliyoipandisha Aprili haikauki, inaendelea tu kulowa ikiwa nchi kavu.

Kisha chukua sarafu au nyundo ndogo yenye mpini wa plastiki, ugonge ganda lote kwa hatua za kiganja kimoja. Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu na kali. Palipoachana tabaka, au palipo na mbao iliyolowa nyuma yake, sauti inazama kama unagonga gunia la mchele. Zungushia chaki kila palipozama. Kazi hii inachukua saa moja kwa boti ya futi 20, na ramani utakayoipata itakuzuia kusaga mahali pazima huku ukiacha pabovu.

"Ngama inajaa maji na tundu silioni"

Ngama ni tumbo la chini la boti, maji yanapokusanyika. Chovya kidole, onja, tema. (Kama maji yananuka petroli usionje, katafute kwanza petroli inatoka wapi.) Nimeona watu wakigeuza boti na kusaga mkuku (uti wa chini wa boti) mzima kumbe maji ni ya mvua, yanashuka kwenye kifuniko cha sanduku la nanga. Maji baridi yametoka juu, maji ya chumvi yametoka chini au ubavuni.

Kama ni ya chumvi, mtuhumiwa wa kwanza ni kizibo cha tezi. Kifungue uangalie mpira wake, kisha angalia bamba lake limeshikwa na nini. Mara nyingi kizibo kizima, lakini skrubu mbili au tatu zinazoshika bamba zimelegea na maji yanapita pembeni yake. Ng'oa bamba, safisha, rudisha kwa gundi ya baharini ya poliyurethani. Silikoni ya bafuni iache bafuni. Haishiki sawasawa kwenye faiba iliyozeeka, na mbaya zaidi inaacha mafuta ambayo hata rangi na rezini vitakavyokuja baadaye vitayakataa.

Mtuhumiwa wa pili ni kila kitu kilichotobolewa kwenye ganda baada ya boti kutoka kiwandani: kifaa cha kutafutia samaki, bomba la pampu, ngazi ya kupandia, ndoano za kamba. Hesabu matundu. Boti iliyopitia mikono ya watu wanne huwa na matundu 20 au 30 chini ya mstari wa maji, na nusu yake hayatumiki tena, yamezibwa kwa chochote kilichokuwa mkononi siku hiyo.

Wa tatu ni wa kwetu hasa. Boti zetu hupwelewa. Kila maji yakitoka inakaa juu ya mchanga, kila yakijaa inadundadunda kabla haijaelea, na vijana wanaiburuta. Mkuku unasagika, jelikoti (ngozi ngumu ya nje ya faiba) inaisha, mati (mkeka wa nyuzi za kioo) inaanza kuonekana kama manyoya, na hatimaye maji yanapita taratibu bila ya tundu lolote la kuonekana kwa jicho. Angalia hasa mita moja ya mwisho karibu na tezi na pale omo (upande wa mbele) inapogusa mchanga. Ukiona nyuzi nyeupe zilizosimama, umepata. Hapo dawa ni kusaga hadi kwenye faiba ngumu, kukausha, kisha kujenga tabaka upya, na mimi huongeza tabaka mbili au tatu zaidi ya zilizokuwapo kwa sababu najua mchanga utaendelea na kazi yake. Wengine hufunga ubao mgumu chini ya mkuku ili usagike wenyewe badala ya faiba. Ni wazo jema, ila ulaze kwenye gundi nyingi na kila tundu la skrubu lizibwe, la sivyo umetengeneza mivujo 15 mipya kwa kuzuia mmoja.

Wa nne, kiungo cha ganda na sitaha. Huyu anavuja ukiwa na shehena nzito au wimbi la ubavuni tu, kwa hiyo boti ikikaa tuli gatini ngama inabaki kavu. Ufa wa kweli kwenye ganda unakuja mwisho kwa wingi, ingawa ndio kila mtu anaanza nao.

Usipompata mhalifu, geuza jaribio: boti ikiwa juu ya magogo na kavu kabisa nje, mimina maji ndani hadi kina cha kiganja, paka chaki nje, uangalie chaki inapolowa. Maji ya nje yanaingia palepale ya ndani yanapotokea. Lakini kumbuka lita 1,000 ni tani nzima. Weka magogo ya kutosha chini ya mkuku na mbavu, mimina kidogo kidogo, na usilale chini ya boti kuangalia.

Simama hapa: kama maji yanaongezeka kiasi kwamba pampu haipumziki, boti isiende majini "kwa safari moja tu ya mwisho".

"Nilishaziba, kiraka kimebanduka"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na karibu kila mara mwenye boti anailaumu rezini. Rezini ni ile ile. Kilichokosekana ni grenda.

Elewa jambo moja. Rezini mpya ya poliesta haiyeyuki na kuungana na faiba iliyokwisha kukauka miaka 20 iliyopita. Inashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo. Kwa hiyo kiraka kilichowekwa juu ya rangi kimeshikwa na nguvu ya rangi, kilichowekwa juu ya jelikoti inayong'aa kimeshikwa na karibu hakuna kitu, na kilichowekwa juu ya faiba yenye unyevu kimeshikwa hadi jua la kwanza.

Sababu, kuanzia inayojirudia zaidi: hakukusagwa hadi kwenye faiba, palikuwa na unyevu au chumvi, palikuwa na mafuta, silikoni au sifa (mafuta ya samaki ya kupaka vyombo) iliyopakwa zamani, kingo za tundu zilikuwa wima, au poliesta ilipakwa juu ya epoksi (rezini ya aina nyingine). Hii ya mwisho ina kanuni nyepesi ya kukumbuka. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta kuukuu iliyosagwa, lakini poliesta haishiki wala haikauki vizuri juu ya epoksi. Kama hujui kiraka cha zamani ni cha nini, kiondoe chote au tumia epoksi.

Ukaguzi: ingiza ncha ya kisu kwenye ukingo wa kiraka. Kikinyanyuka kipande kizima na chini yake ni pasafi, panang'aa, basi hakuna cha kuokoa, bandua chote. Kikitoka na nyuzi za ganda lenyewe, mshiko ulikuwa mzuri na tatizo ni faiba ya chini iliyoachana.

Namna ya kukirudia. Osha kwa sabuni na maji baridi, acha pakauke, futa mafuta kwa asetoni kabla ya kusaga (ukisaga kwanza unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo), kisha saga kwa msasa namba 40 au 60. Usisage kama kisima, saga kama sahani. Kipimo wanachotumia mafundi wa boti ni 12 kwa 1: ganda la unene wa milimita 6 linataka mteremko wa milimita 72 kuzunguka tundu pande zote. Kwa hiyo tundu la ukubwa wa yai linakuwa eneo lenye upana wa sahani ya wali, na hapo ndipo wengi huona uchungu wa kusaga faiba nzima wakaacha njiani. Kiraka kilichojazwa kwenye tundu lenye kingo wima ni kizibo, na wimbi likigonga kinatoka kama kizibo.

Kama tundu limepenya, weka ndani kipande cha boksi gumu kilichofunikwa kwa selotepu pana ya kufungia mizigo. Rezini haishiki kwenye selotepu, utakibandua baadaye.

Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba inakupa takriban milimita 1 kwa tabaka, kwa hiyo milimita 6 ni tabaka 6. Inakunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Ukipishanisha mati na rovingi iliyofumwa (kitambaa cha nyuzi nene za kioo) unapata kiraka kigumu kupasuka, kwa sababu mati peke yake ina ugumu lakini wimbi likiipiga huvunjika mapema. Mimi huanza na kipande kikubwa kuliko vyote ili kishike faiba ya zamani eneo zima, kisha nashuka. Wapo wanaoanza na kidogo na kazi yao inakaa. Katika ubishi huu sitagombana na mtu, alimradi mteremko umesagwa.

Tembeza rola ya chuma hadi weupe wote uishe. Weupe ni hewa, na hewa ni chumba cha maji ya kesho. Tabaka 3 au 4 kwa mkupuo mmoja, acha zipoe, endelea.

"Injini inacheza" au "transomu ina ufa"

Transomu, yaani ubao wa tezi unaobeba injini, ndipo boti kuukuu hufia. Nje unaona faiba, ndani kuna plaiwudi ya milimita 36 hadi 45 hivi. Boti yangu ya kwanza, ya futi 19, niliinunua imepakwa rangi mpya ya bluu, inang'aa. Wiki ya tatu nilifungua skrubu ya mabano ya ngazi ili niihamishe. Tunduni yakachuruzika maji ya kahawia kama chai ya rangi, yakaendelea hadi niliposwali adhuhuri nikarudi. Aliyeniuzia alikuwa amefukia ufa wote wa ndani kwa silikoni na kuupaka rangi.

Ukaguzi hauhitaji kifaa. Inua injini kidogo, mwambie mwenzako aikamate mguu na kuisukuma juu na chini, wewe uangalie transomu kwa ndani. Ikicheza, hata kwa unene wa kucha, kuna neno. Angalia washa za bolti za injini: zimezama ndani ya faiba? Mbao nyuma yake imelainika. Angalia pembe ambapo transomu inakutana na mbavu, nyufa huanzia hapo. Kisha gonga kwa nyundo kutoka juu kwenda chini, na usishangae sehemu ya juu ikiwa nzima na ya chini imekwisha, kwani maji yanatulia chini.

Ukiwa na shaka, toboa kwa ndani tu matundu ya milimita 4, moja chini karibu na kizibo, moja chini ya bolti za injini, moja juu. Vumbi jeupe kavu lenye harufu ya mbao, salama. Vumbi jeusi linalobana kama tope, mbao imeoza. Ziba matundu siku hiyo hiyo kwa epoksi.

Vyanzo ni vilevile: bolti za injini zilizofungwa bila gundi, skrubu za kizibo, mkato wa juu wa transomu uliofunikwa kwa bati tu. Mara chache sana ni injini kuwa kubwa kuliko boti, ingawa hilo nalo lipo, mtu ana boti ya injini ya nguvu za farasi 40 anaitundikia ya 75 kwa sababu ameipata kwa bei nzuri.

Kama kuoza ni kwa kiganja kimoja kuzunguka tundu moja, chimba mbao yote laini, kausha kwa siku kadhaa, jaza epoksi iliyokorezwa kwa nyuzi zilizokatwa. Kikizidi hapo, hakuna dawa ya kumimina inayorudisha plaiwudi iliyooza, hata ikiuzwa kwa maneno matamu. Ni kubadilisha ubao.

Kazi yenyewe, kwa ufupi, ili ujue unalipia nini au unajiingiza kwenye nini: ganda linashikizwa kwanza kwa magogo na mbao ili lisibadili umbo. Faiba ya ndani inakatwa, ikiachwa pindo la sentimita 5 hadi 7 pembeni kwa ajili ya kuunganishia. Mbao inachimbwa kwa patasi hadi ionekane faiba ya nje. Plaiwudi ya baharini, yenye alama ya BS 1088, inakatwa kwa kiolezo cha boksi, mara nyingi vipande viwili vya milimita 18 vilivyogundishwa, na kingo zake zinanyweshwa epoksi kabla ya kitu kingine. Inalazwa kwenye uji mzito wa rezini, inabanwa kwa bolti na magongo hadi uji utokeze pembeni. Pembe zote za ndani zinajazwa ziwe mviringo, kwani faiba haipendi kona kali, inaacha hewa nyuma yake. Halafu tabaka za mati na rovingi zinapanda kutoka kwenye ubao hadi kwenye mbavu za ganda.

Matundu ya bolti za injini usiyatoboe kwa saizi ya bolti. Toboa makubwa zaidi, yajaze epoksi, ikikauka ndipo utoboe saizi kamili katikati yake. Bolti ipite kwenye epoksi isiguse mbao hata kidogo. Kama kiwanda kingefanya hivyo, nusu ya makala hii nisingeiandika.

Simama hapa: boti ikiwa inabeba abiria au watalii, au injini ni kuanzia nguvu 40, transomu si kazi ya kujifunzia. Mtafute fundi wa boti mwenye transomu unazoweza kwenda kuziona, na kabla ya kurudi kazini boti ikaguliwe upya na mamlaka ya eneo lako: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au Kenya Maritime Authority kwa Kenya.

"Sakafu inabonyea, na boti imekuwa nzito"

Dalili mbili, chanzo kimoja mara nyingi. Plaiwudi ya sakafu ilifunikwa faiba upande wa juu tu, chini ikaachwa uchi. Ikianza kubonyea karibu na kiti au sanduku la samaki, anza na skrubu za kiti hicho. Sakafu peke yake ni kazi inayowezekana nyumbani: kata, badilisha, funika pande zote mbili.

Ila ukishaikata, usiifunike kabla hujakagua mihimili. Gonga, toboa, kama ulivyofanya kwenye transomu. Sakafu mpya juu ya mihimili iliyooza itabonyea mwaka huu huu.

Na uzito? Kata kipande cha povu ukubwa wa ngumi kutoka sehemu ya chini kabisa, kikamue. Likitoa maji, usipoteze muda kutoboa matundu ukitumaini litachuruzika. Povu likishalowa halikauki ndani ya boti. Litoe, na uweke jingine la aina isiyokunywa maji. Usiache nafasi tupu, kwa sababu hilo povu ndilo linaloifanya boti iliyojaa maji isizame ikiwa na watu wameishikilia. Mtu anayekushauri ulitoe tu ili boti iwe nyepesi na ile mafuta kidogo, mwulize anaogelea vipi.

Simama hapa: kama tangi la petroli liko chini ya sakafu, hakuna grenda wala jigsoo kabla tangi halijatolewa na ngama haijapigwa upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala ngamani ukingoja cheche.

"Chini imetoa malengelenge"

Boti inayopanda pwani kila siku hupata haya kwa nadra. Yanazipata zile zinazoelea mwezi kwa mwezi, na zaidi za maji baridi. Ndiyo maana mwenye boti Mwanza au Kisumu huyajua kuliko wa Mafia. Maji yanapenya jelikoti taratibu, yanakutana na kemikali zilizobaki kwenye rezini, kunazaliwa majimaji mazito yenye asidi, nayo yanavuta maji mengine hadi jelikoti inavimba.

Kwanza hakikisha si rangi. Toboa lengelenge moja, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu majimaji yale yana shinikizo na yataruka usoni. Chini yake kukiwa na jelikoti nzima, ni rangi tu iliyoachia. Kukiwa na faiba na harufu kama ya siki, ndiyo yenyewe.

Yakiwa machache, fungua kila moja, osha kwa maji baridi kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kwani kinachobaki mle ndani kinavuta unyevu hata hewani. Kausha. Bandika nailoni angavu ya sentimita 30 kwa 30, selotepu pande zote nne, kivulini. Ukikuta matone ndani yake asubuhi, endelea kungoja. Ikibaki kavu siku tatu mfululizo, saga, jaza kwa epoksi, paka epoksi ya kuzuia maji tabaka kadhaa. Yakiwa mamia, eneo lote linatakiwa kuvuliwa jelikoti, na boti ikae nchi kavu miezi. Piga hesabu kabla, pengine ganda jingine ni nafuu. Kwa boti ya uvuvi inayopumzika pwani, malengelenge kumi si dharura. Wamiliki huyaogopa kuliko yanavyostahili, na transomu huidharau.

"Kuna nyufa, sijui ni za juu au zimepita"

Zisome umbo. Nyufa zinazosambaa kama nyota zina pigo katikati yake: jiwe, gati, nanga iliyoangushwa. Nyufa zinazokwenda sambamba zinasema ganda linakunjika mahali hapo, na huwa karibu na kitu kigumu kama mwisho wa mhimili au pembe ya sanduku. Nyufa zinazotoka kwenye skrubu ni za skrubu iliyokazwa mno.

Saga kidogo juu ya ufa mmoja. Ukitoweka jelikoti ikiisha, jaza jelikoti mpya. Ukiendelea kwenye faiba kama mstari mweupe, rudi kwenye kiraka cha 12 kwa 1. Zile zinazokwenda sambamba zitarudi hata uzijaze mara tano, usipoimarisha ndani.

Simama hapa: ufa unaovuka mkuku, ufa ulio ndani na nje mahali pamoja, au ganda lililobonyea baada ya kupanda mwamba. Hapo sauti ya sarafu haitoshi, mbavu za ndani zinaweza kuwa zimeachana na ganda mbali na pigo.

"Rezini haikauki" na "rezini imechemka koponi"

Inanata juu tu? Huenda hakuna kosa. Rezini ya kawaida ya kujengea huzuiwa na hewa kukauka uso wake, na tabaka la mwisho ndilo linalotiwa nta. Inanata hadi ndani? Hadna (dawa ya kukaushia rezini) ilikuwa kidogo, haikukorogwa, au rezini imezeeka dukani kwenye joto. Ikwangue yote. Kupaka tabaka nyingine juu hakutaikausha ya chini.

Kipimo cha hadna ya poliesta ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kilo moja ya rezini, gramu 15, sawa na mililita 13 hivi za bomba la sindano, si "vifuniko viwili". Adhuhuri punguza uelekee 1, usishuke chini yake. Afadhali ufanye kazi saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kivulini. Kopo likianza kuwa moto mkononi, mimina kwenye trei pana au kwenye mchanga, mbali na asetoni. Epoksi ni habari nyingine: kipimo chake ni cha mtengenezaji, na kuongeza hadna hakuharakishi, kunaharibu.

Mawili ya kutofanyia mzaha. Hadna ya poliesta ikiingia jichoni inapofusha: maji safi mengi, papo hapo, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Na kama unauziwa kobalti ya zambarau kando, isikutane na hadna moja kwa moja hata tone, inaweza kulipuka. Kobalti inakorogwa kwanza kwenye rezini yote, hadna baadaye.

Kitambaa cha uso hakizuii mvuke wa rezini, unahitaji barakoa yenye kichujio cha kaboni. Vumbi la faiba nalo linataka barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Ukimaliza, oga kwa maji ya baridi bila kujisugua, maji moto yanaufungulia mlango mwasho.

"Imepauka, inaacha unga mkononi"

Ni jua. Msasa wa maji namba 600, kisha 1000, poda ya kung'arishia, nta. Jelikoti ikiwa imeisha, paka rangi. Fanya haya mwisho wa yote, si mwanzo, maana rangi mpya inaficha chaki zako zote za kugongea.

Siku ya kuirudisha majini, chagua maji mafu (siku maji yasipojaa sana) na asubuhi tulivu. Acha vifuniko vyote vya sakafu wazi. Ielee imefungwa kamba, kavu ngamani, uangalie kwa tochi baada ya dakika 10, kisha baada ya saa moja. Washa injini, nenda polepole karibu na ufuo, rudi, tazama pembe za transomu na bolti. Shehena ije siku ya pili.